Gemu la Kiboko Anayecheka

Leo nusura nimpoteze mwanangu kwa sababu ya gemu nililomchagulia mwenyewe.

Neema ana miaka minne. Magemu ya kupigana niliyakataa, nikamwekea kwenye simu gemu linalofundisha majina ya wanyama. Humo kiboko anacheka, ukimlisha ndizi anacheza muziki. Nilivyojisifu hapa mtaani kwetu Pasiansi, jamani!

Asubuhi tukashuka ziwani kufua. Nimeinama nasuuza shuka, nasikia jirani anapiga yowe: "Mama Neema, mtoto!"

Neema yuko majini, maji ya kiunoni, ameshika ndizi. Mbele yake kuna macho mawili na masikio juu ya maji.

Sikumbuki nilikimbiaje. Nilimnyakua, kiboko akazama. Sikugeuka kuangalia amezamia upande gani.

Nimemkumbatia. Yeye ananipiga kifuani kwa hasira: "Niache! Ana njaa!"

Nikamwambia kiboko anaua watu. Akaniangalia kama mimi ndiye muongo.

"Mbona kwenye simu anacheka?"

Gemu nimelifuta. Kichwani mwake sijui nalifutaje, na maji tunachota hapo hapo kila siku.

Wazazi wenzangu, nyie mnachaguaje? Mimi sijiamini tena hata kumchagulia katuni.