Nilikimbia, Papa

Kila Jumapili baada ya misa, mgahawani kwa Yolande kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, Ubelgiji, wanaume watatu walikuwa na meza yao karibu na dirisha. Mwezi ule wote walibishana juu ya jambo ambalo halikuwahusu ndewe wala sikio: ni nani mkimbiaji bora wa mbio ndefu ambaye Amerika imewahi kumtoa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Amerika. Aliyewasha moto ni Felician, Mtanzania wa ubalozini, aliyekuwa amesoma makala fulani kwenye simu yake, ikamkera, akaona haifai kukereka peke yake.

Felician alimshikilia Frank Shorter. Dhahabu ya marathoni Munich, fedha Montreal, alisema, na medali hazina maneno mengi. Numbi, fundi wa tramu aliyezaliwa Likasi, Katanga, alikuwa upande wa Prefontaine. Hakuwahi kumwona akikimbia hata kwenye video, ila alipenda habari zake: kijana anayetangulia tangu mwanzo na kukataa kupitwa, kisha anakufa kwa ajali ya gari kabla hata ya kutimiza miaka ishirini na mitano. Felician akimwambia kwamba kule Munich huyo Prefontaine wake alishika nafasi ya nne, Numbi alijibu kwamba hata wa nne ana mama yake. Basi wanacheka, wanaagiza samaki mwingine, na wateja wa meza za jirani wanaanza kutoa maoni bila kuulizwa.

Wa tatu alikuwa Nehemia, na hadithi hii ni yake.

Nehemia alitoka Kapsabet, Kenya, akafika Ubelgiji kijana mwembamba wa kuweka kasi. Watu wengi hawaijui kazi hiyo. Unalipwa utangulie mizunguko ya mwanzo, uwavute wenye majina makubwa, halafu unatoka pembeni na kuwaangalia wakienda kushindana. Aliifanya pale uwanja wa Heysel na kwingineko mpaka goti likagoma. Sasa alikuwa akikanda misuli katika kliniki moja ya Etterbeek, na wagonjwa wake wengi walikuwa maofisa wa Umoja wa Ulaya wanaokimbia bustanini wakati wa chakula cha mchana na kurudi wakichechemea. Alimwoa Graciella, mdogo wake Yolande, wakapanga nyumba Auderghem karibu na msitu, wakapata mtoto mmoja, Jémima. Graciella alifariki mtoto akiwa bado sekondari. Tangu hapo walikuwa wawili tu, baba na binti, wakifanya mazoezi msituni kila asubuhi, yeye kwa baiskeli na mtoto kwa miguu.

Nyumbani kwao kulikuwa na Viswahili viwili. Baba alisema cha Kenya, mama alisema cha Katanga, na mtoto, kama watoto wote wenye akili, alichukua cha mama. Nehemia aliwatania sana kwa hilo. Kwake yeye tofauti yote ilikuwa hizo u wanazozichomeka kila mahali, muntu, mutoto, mukate, na aliamini kwamba ukishaziondoa kinachobaki ni lugha moja. Hakuna aliyemwambia vingine, maana hakuna aliyemuuliza.

Jumapili hiyo ninayoisimulia, Felician alimtaja Bernard Lagat.

Alimtaja kwa nia njema. Dhahabu mbili katika mashindano yale yale, Osaka, mita elfu moja na mia tano na mita elfu tano, akiwa amevaa jezi ya Amerika. Nani mwingine ana hesabu kama hiyo? Tena ni mtu wa kwenu kabisa, alimwambia Nehemia, ungepaswa kumpigia debe wewe. Nehemia aliweka uma chini. Alisema huyo asihesabiwe. Aliwakumbusha kwamba kabla ya Osaka kulikuwa na Sydney na Athens, na medali za huko alizichukua kwa jina la Kenya.

“Mtu akishabadilisha bendera amejifuta mwenyewe,” alisema. “Hayumo kwao, hayumo kwetu.”

Felician akataka kujibu kwamba nusu ya ukumbi ule ina pasi za Ubelgiji mfukoni, ikiwemo ya Nehemia mwenyewe, lakini Numbi alimkanyaga mguu chini ya meza. Numbi alijua. Yolande, aliyekuwa akipanga sahani kwenye kaunta, alijua pia. Nehemia hakuwa na ugomvi wowote na Lagat, na zamani alikuwa na picha yake ukutani.

Ugomvi wake ulikuwa na mtoto wake. Jémima alikuwa amechukuliwa na chuo kimoja cha Amerika kwa ajili ya mbio zake, na siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege Nehemia alijiona mtu mkubwa kuliko balozi. Aliota amwone katika jezi ya Kenya. Kumbe binti alimpenda kocha wake huko, Mmarekani, akaolewa naye, na habari zikamfikia baba zikiwa zimeshaiva. Hakuna mtu aliyekuja kuposa. Hakuna hata mjomba wa kusingizia aliyepiga simu. Halafu ikaja habari ya pili, kwamba ameomba uraia, amepewa, na sasa atakimbia kwa ajili ya Amerika. Nehemia alimwambia kwenye simu kwamba siku atakayovaa ile jezi atafute baba mwingine wa kumwita papa. Alilisema hilo neno kwa neno, akakata, na kiburi chake hakikumruhusu kupiga tena.

Yolande alimwita jikoni. Alijifanya anataka msaada wa kushusha sufuria, lakini sufuria ilikuwa imeshashushwa. Alimuuliza kama amesikia chochote kutoka kwa mtoto. Yeye mwenyewe simu yake ilikuwa imeibwa kwenye metro, ikaondoka na namba zote, na namba yake mpya Jémima hakuwa nayo.

Nehemia alisema amesikia, ndiyo. Aliletewa ujumbe wa sauti majuma kadhaa yaliyopita, wikiendi ile ile ya mashindano ya taifa ya Amerika. Hakujibu. Mtoto alitaka asifiwe, alisema, na yeye hana sifa za kumpa. Yolande akamwambia autafute amsikilizishe. Akautafuta, akaubonyeza, huku ameangalia pembeni kwa hasira zake zile zile.

“Papa, ni mie,” ilisema sauti ya Jémima, nayo ilikuwa ya mtu anayehema. “Nilikimbia, papa. Leo asubui, mapema. Nimechoka sana. Unipigie, tafazali. Unipigie leo.”

“Umesikia?” alisema Nehemia. “Amekimbia. Kwa jezi yao. Anataka nimpigie makofi.”

Yolande alichukua ile simu mkononi mwake, akaubonyeza tena ujumbe, akausikiliza ameinamisha kichwa, kisha akakaa juu ya kreti ya soda.

“Beau-frère,” alimwambia shemeji yake, “ule mutoto haongee course, haongee mashindano. Mutoto ya Graciella akifanya course, anasema nilifanya course. Sisi tukisema nilikimbia, ni kusema kuko muntu unamuogopa. Mu soixante-dix-huit, sabini na munane, vita ilifika Kolwezi, tulikimbia, Graciella ku mugongo ya mama. Alors, ile ilikuwa course?”

Nehemia alitaka kubisha, maana ndiyo kazi yake ya Jumapili, lakini alikumbuka miaka yote ile ya mashindano ya shule, mtoto akirudi nyumbani na medali shingoni, akisema kwa furaha papa, nilifanya course, na yeye akimtania kwamba hiyo ni nusu Kifaransa. Hakuwahi kumsikia akisema amekimbia. Hakuwahi hata mara moja, na hilo lilikuwa mbele yake maisha yote ya mtoto yule.

Akaubonyeza ujumbe mara ya tatu, na sasa hata pumzi zile hazikuwa za mtu aliyemaliza mbio. Mtoto alikuwa akizuia kilio. Nehemia, aliyewakimbiza wanariadha na kuzijua pumzi zao zote, alikuwa amezisikia pumzi za binti yake na kuziita majivuno.

Alipiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena, Yolande ameshika msalaba wa shingoni mwake, na safari hii ikapokelewa na mwanamume. Alikuwa mchangamfu sana. Alisema kwa Kiingereza kwamba ni heshima kubwa, hatimaye baba mkwe amepiga, ngoja amwite, yuko hapa hapa mezani wanakunywa kahawa. Nehemia alisikia kiti kikivutwa, na sauti ikabadilika ikawa ya mbali kidogo, kama inavyokuwa simu ikiwekwa mezani ili kila mtu asikie.

“Jémima,” alisema. “Mama mkubwa amenielewesha. Nimechelewa, mwanangu. Nimechelewa kuelewa.”

Binti alijibu kwa Kiingereza. Alisema yuko salama, kila kitu kiko sawa. Alisema pia, taratibu, kama mtu anayesoma kilichoandikwa, kwamba nyumbani hapa sasa wanazungumza Kiingereza tu, ili kila mmoja aelewe.

Alisema nyumbani. Basi alikuwa amerudi. Siku ile alikimbia, akampigia mtu mmoja tu duniani, akasubiri, na yule mtu akawa anakula samaki na kubishana juu ya Wamarekani waliostaafu zamani.

Nehemia aliogopa simu isikatwe. Hakujua aseme nini ambacho yule mume hatakikataa, kwa hiyo akashika kilichokuwa mdomoni mwake. Kwa Kiingereza chake cha zamani cha viwanjani alimwambia binti kwamba hapa kwa mama mkubwa kuna ubishi mkubwa, watu wanataka kujua mkimbiaji bora wa Amerika wa mbio ndefu ni nani. Alisema yeye mwenyewe alikuwa akimkataa Lagat, lakini leo amemkubali. Alisema amekosea sana juu ya hilo, amekosea mno, amwambie kila mtu kwamba baba yake amekosea. Mume alicheka kule mezani. Alisema swali zuri.

Jémima akasema Joan Benoit. Katika Jumapili zote zile, pale mezani hakuna aliyekuwa amemtaja mwanamke hata mmoja.

“Marathoni ya Los Angeles, mwaka wa themanini na nne,” alisema binti, bado kwa Kiingereza. “Alitoka kwenye kundi mapema sana, wengine wakafikiri hajui anachofanya. Akaenda peke yake mpaka ndani ya uwanja.”

Nehemia alisema ndiyo, anakumbuka, hakuna aliyemfikia. Akalazimisha sauti yake iwe ya ubishi wa kawaida, akamuuliza kama naye angeweza kuondoka vile. Hata leo. Alisema kuna mtu angemsubiri uwanjani, mtu ameshafika, amesimama mlangoni.

“Hapana, papa,” alisema Jémima. “Yule hakusimama njiani kungoja mtu. Mimi nilisimama nikangoja. Ukisimama, wanakufikia.”

Alimshukuru kwa kupiga, kwa adabu ile wanayopewa wageni, na simu ikakatwa. Nehemia alipiga tena pale pale, na tena, na sauti ya mashine ikamjibu kwamba namba haipatikani.

Yolande alisema watafute namba za polisi wa kule, watafute chuo, watafute mtu, naye alikubali kwa kichwa kila alichoambiwa. Kule mezani Felician, asiyejua lolote, alipaza sauti kuuliza kama huko jikoni wamefikia uamuzi. Nehemia alitoka akasimama mbele yao na simu mkononi. Aliwaambia mtoto amemchagua Joan Benoit. Felician alikuwa akitafuta la kujibu alipoona kwamba mtu mzima yule analia, mbele ya ukumbi wote, wala hajifuti.