Watoto wa Mama Pasi

Mtaani walimwita Mama Pasi. Duka la dobi alilofanyia kazi miaka yote lilikuwa linafungwa, na hoteli moja ya ng'ambo ilikuwa tayari kumwajiri apige pasi huko. Aliruhusiwa kwenda na watoto wake wawili, ila kwanza ajieleze kwa Kiingereza mbele ya ofisa wa ubalozi, bila mkalimani, na watoto wakiwepo. Akishindwa, hatakuwa na kazi ya kuwalisha, na ukoo ulishakata shauri: mkubwa aende kwa shangazi, mdogo kwa baba mkubwa.

Watoto wenyewe hakuwazaa yeye. Ni wa marehemu dada yake, na karatasi zilisema hivyo, kwa hiyo mbele ya ofisa ilibidi naye aseme vivyo hivyo. Binti mkubwa alijua. Mdogo, waliyemwita Kifungo kwa udogo wake, kama kifungo cha shati, hakuwa hata ameota jino mama yake alipofariki, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mama Pasi alisema atamwambia akikua. Tatizo ni kwamba machoni pake Kifungo hakui.

Binti mkubwa ndiye aliyegeuka mwalimu, na Kiingereza kikaanza vituko vyake. Shati langu ni "my", mashati yangu kumi ni "my" ileile.

"Sasa mtu atajuaje ni mangapi?" Mama Pasi aliuliza.

"Sikiliza neno linalofuata, mama. Hilo ndilo linalobadilika."

Hapo alipita. Kilichomtoa jasho ni mwenye mali. Kwetu "yake" inamtosha kila mtu, lakini wale wanataka kujua kwanza kama mwenyewe ni bwana au bibi: wa kiume "his", wa kike "her". Alichanganya, akakasirika, karibu aunguze shati la watu.

Ili Kifungo asihisi kitu, walifanya mazoezi kwa nguo za wateja. Shati la fundi bomba, "his shirt". Sketi za nesi, "her skirts". Kifungo alizipanga nguo rafuni akiitikia nao, na hakukosea hata moja. Mama Pasi alicheka, akajiona mjanja kweli.

Siku ikafika. Ofisa alikuwa mpole, na upole wake ulimtisha zaidi. Alisoma karatasi, akawatazama watoto, akauliza kwa Kiingereza ni watoto wa nani.

"My" ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Miaka yote hakuwa na jibu jingine. Binti mkubwa alimkanyaga mguu chini ya meza, na Mama Pasi akalimeza neno hilo.

"My sister," alisema. "Dead. Her children."

Alirudia mara ya pili, kwa sababu ofisa hakusikia vizuri. Kisha muhuri ukagongwa. Hawatatenganishwa. Alishukuru, akatoka nje akiwa amemshika Kifungo mkono, binti mkubwa nyuma yao, akidhani mambo yamekwisha.

Ngazini mtoto alisimama.

"Mama, si ulisema mimi wako?"

"Wewe ni wangu."

"Lakini yule umemwambia 'her'. Kama sketi za nesi."

Mama Pasi aliketi palepale kwenye ngazi, watu wakimpita. Alifungua mdomo, machozi yakamtangulia. Kifungo alimngoja kidogo. Kisha alichomoa mkono wake polepole, akamgeukia dada yake amwambie ukweli.