Daftari la Fundi wa Pampu

Nilisikia kicheko kabla sijafungua mlango. Ndani, wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wameizunguka pampu mbovu ya mazoezi. Mmoja aliisomea kwa huzuni somo langu la Kiingereza, lile la mwezi juu ya ziwa na msichana anayengoja barua.

"Ongea nayo muzuri, itapona!" mwenzake alimhimiza.

Aliponiona, msomaji akashusha karatasi. "Pole, sitoyeni mwalimu," akasema, kwa jina la "raia" tuliloitana sote miaka ile ya Zaire. "Lakini hii pampu haijue mambo ya mapendo."

Nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika upya kozi ya Kiingereza katika chuo chetu cha ufundi, Kolwezi. Nilikuwa kijana, riwaya yangu ya kwanza imo kichwani, nikadhani wanafunzi hawa wa ufundi wamekosa ushairi tu. Kumbe walishindwa kusoma vitabu vya Kiingereza vilivyokuja na mashine mpya za mgodini.

Walinielekeza kwa fundi wa pampu, mtoto wa mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai. Hakuwahi kusoma Kiingereza darasani. Alikuwa na daftari lililolowa grisi: kila neno la Kiingereza la mashine, mchoro wake, kisha maelezo kwa Kiswahili. Ufa aliuchora kama unywele mmoja juu ya kipara.

"Niazime wiki moja tu, tata," nilimwomba, kama mtoto kwa baba.

Alilirudisha ndani ya ovaroli. Pale mgodini daftari la fundi lilirithiwa, halikuazimwa.

"Mi sina diploma, mutoto yangu. Mashine ikikufa, bakubwa bananiita sababu ya hii. Batoto benu bakijua yote, nani atanitafuta?"

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, nikimshikia spana. Siku ya tatu alinionyesha kifuniko cha mashine chenye onyo la Kiingereza kwa maandishi mekundu. Rafiki yake alikifungua mashine ikiwa bado moto, mvuke ukamuunguza mikono yote miwili.

"Ile siku mi nilikuwa konje, niko nyumbani napumuzika. Hakukuwa mutu wa kumusomea."

Akafuta vidole kwa kitambaa, muda mrefu, halafu akanipa daftari.

Somo la kwanza la kozi mpya alikuja mwenyewe, akakaa benchi la nyuma na kofia yake ya chuma magotini. Tulipofika kwenye neno la ufa alivua kitambaa cha kichwani, akainamisha kipara chake, na darasa zima likaangua kicheko. Kisha mwanafunzi mmoja akauliza juu ya maandishi mekundu. Fundi alisimama, akafungua kinywa, lakini yule aliyeisomea pampu alimtangulia, akaeleza kwa nini kifuniko hakifunguliwi mashine ikiwa moto, bila kosa.

Fundi alinijia mbele ya darasa.

"Banajua," aliniambia polepole.

Nilimnyooshea daftari.

"Ikae hapa."

Akavaa kofia yake, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, asije akatukatiza.