Moto Unaosubiri Rola

Kiwandani walimwita Bi Mipango, maana kazi yake ilikuwa kupanga chuma kipi kitangulie na kipi kifuate. Nyumbani mumewe alilalamika kwamba hata masufuria yanaingia jikoni kwa zamu.

Jambo moja lilimkera kupita kiasi. Kila mafundi walipobadilisha rola, zile zinazobana chuma chekundu mpaka kiwe nondo, tanuru liliachwa linanguruma vilevile, likiteketeza mafuta bila kupitisha hata kipande. Akapiga hesabu: moto ukishushwa wakati huo, kisha upandishwe kabla rola hazijafungwa, mafuta mengi yataokolewa. Akaamua kuliandikia makala jarida la kitaaluma, akajitosa mzimamzima.

Rasimu aliipeleka kwa wifi yake, mhadhiri wa chuo. Wifi alisoma nusu ukurasa, akacheka mpaka akavua miwani.

"Wifi yangu, hii makala au amri ya zamu? 'Shusha moto. Usiguse vali mpaka uambiwe.' Unamwamrisha nani, msomaji?"

"Sasa niandikeje? Mimi ndivyo ninavyoandika kila siku!"

"Mweleze tatizo, mwonyeshe wengine walisema nini, halafu wewe umeongeza nini. Na usimkaripie, masikini."

Akaandika, akafuta, akaandika tena, na raha aliyoipata haielezeki. Jarida likajibu: wataalamu walioipitia wameipenda, ila bila jaribio kwenye tanuru halisi, haichapishwi.

Tanuru halisi lilikuwa na mwenyewe. Msimamizi wake, waliyembandika jina la Kaa la Moto, alikataa katakata. "Chuma kikipoa kikakwama kwenye rola, nani atakichomoa? Jarida?"

"Mara moja tu, kaka. Kikikwama, makala naitupa, na moto wako siugusi tena."

"Mara moja," alinguruma, akashusha moto.

Rola za zamani zikatolewa, mpya zikaingizwa. Bi Mipango, roho mkononi, akageuka kutoa ishara ya kupandisha moto, akakuta Kaa la Moto keshafungua vali ya mafuta.

"Mlango huu wa tanuru unapitisha baridi, lazima moto upande mapema!" alifoka. "Hesabu zako zimeusahau!"

Chuma cha kwanza kikatoka chekundu, kikaingia kwenye rola, kikasitasita, kikapita! Nondo ikachomoza upande wa pili, ndefu, imenyooka. Bi Mipango alirukaruka mpaka kofia yake ngumu ikamdondoka.

Mafuta yaliyookolewa yalikuwa pungufu ya aliyoyatabiri. Ilimuuma, lakini aliandika kiasi kilekile kilichopatikana, na habari za mlango pia. Kisha akampelekea Kaa la Moto makala yote.

"Soma kwanza. Hairuhusiwi kupeleka jina la mtu jaridani bila ridhaa yake."

Kaa la Moto akaona jina lake la kuzaliwa, la pili baada ya la Bi Mipango. "Mimi? Mwandishi?"

"Mlango si umeuona wewe?"

Kaa la Moto alivua glavu, akazisoma kurasa zote amesimama.

Jibu la jarida lilipofika, Bi Mipango alikimbia hadi tanuruni, akapaza sauti juu ya ule mngurumo wote: "Imekubaliwa! Kaka, imekubaliwa!" Mafundi wakagonga vyuma kwa shangwe. Kaa la Moto alimshika mkono akamvuta kando, macho yanang'aa.

"Sikia," alisema. "Tanuru la pili linakula mafuta kuliko hili. Tunaliandika lini?"