Nilivyomtetea Binti Yangu Ofisi ya Walimu

Nisikieni mimi kabla hamjasikia kwa wengine. Mchana ni karani Kurasini, jioni nasoma sheria. Juzi mwalimu wa binti yangu Neema aliniita shuleni bila kusema sababu. Niliogopa wanamfukuza, nikaenda nimevaa tai.

“Baba Neema,” alianza, “jana wanafunzi walipigana, na mwanao alikuwa katikati.”

Nikasimama. “Napinga! Nani alimwona?”

“Darasa zima.”

“Wote wana chuki naye! Hakuwepo, na kama alikuwepo hakugusa mtu!”

Neema akanivuta shati. “Baba, kaa basi.”

Sikukaa. Nilihutubia mpaka walimu wengine wakaacha kusahihisha madaftari.

Mwalimu alisubiri nimalize. “Mzee wangu, mwanao ndiye aliyeamulia ugomvi. Ndiyo maana wenzake wamemchagua kiranja. Na hilo nalo unapinga?”