Skrubu Tuliyokatazwa Kugusa

Kuna harufu moja ambayo hata leo nashindwa kuwaeleza vizuri: mafuta ya mashine yaliyoungua kidogo, yakichanganyika na unyevu wa ukuta wa matofali. Majira haya ya joto tulikuwa tunahamisha vitu vya wazazi kutoka nyumba yetu ya Laeken, Brussels. Nikashuka cave, chini ya nyumba, nikafungua blanketi kuukuu, na harufu ile ikanipiga usoni. Ndani mlikuwa na bunduki ya upepo. Nilikaa kwenye ngazi nikawa tena na miaka tisa.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ndipo kaka yangu Ilunga alipofika kutoka Lubumbashi. Ni mtoto wa Papa kwa mke wake wa kwanza, marehemu. Papa alimwacha kwa bibi angali mdogo, akakimbizana na makaratasi miaka na miaka, na siku yalipokubaliwa akashuka kwenye ndege kijana wa miaka kumi na minne, mrefu, mwenye sauti nzito. Yeye na Papa walipeana mkono kama watu wa ofisini. Nyumbani alimwita mama yangu Maman Clarisse, kwa jina langu. Papa, Ilunga hakumwita kwa jina lolote. Alingoja tu Papa amtazame, ndipo aseme. Mimi nilitaka jambo moja tu duniani, huyu kaka abaki. Shuleni nilikuwa nimeshatangaza kwamba nina kaka mkubwa anayepiga watu, na baadaye, ole wangu, ikawa kweli.

Bunduki Papa aliinunua kwenye soko la vitu kuukuu, springi imevunjika. Kule kwetu Likasi alikuwa fundi wa mitambo. Hapa Brussels aliosha mabasi, na mikono ilimwasha kwa hamu ya kushika chuma. Akaagiza springi mpya, mwenyewe akiiita ressort, ikaja kwa posta, na Jumamosi moja akamwita Ilunga ashike upande wa pili. Springi ile ikikuponyoka inaweza kukutoa jicho, kwa hiyo ilibidi waseme: shika, kaza, ngoja, achia pole pole. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikisikiliza. Hawakuwa wamewahi kusemezana hivyo tangu uwanja wa ndege.

Basi ikaja kazi ya kuizoeza. Kwa msiojua, bunduki ya upepo iliyotoka kutengenezwa haipigi sawasawa. Mafuta mapya yanaungua ndani, inatoa moshi, inabweka, na risasi zinakwenda zinakotaka zenyewe. Ya kwanza ilipolia, Mama alipiga ukelele kutoka jikoni, "Muko munachoma nyumba, ama?" Tulikuwa tumejaza boksi vitabu vya simu vya zamani, na mbele yake tumebandika tangazo la duka la nyama, upande mweupe nje, na duara niliyoichora mimi kwa kalamu nyekundu. Risasi zilitapakaa ovyo. Nyingine hata boksi zililiona kwa bahati. Ilunga akaona haya, akanyoosha mkono azungushe skrubu ya kile kidude cha kulengea.

"Acha iyo vis!" Papa akamzuia. "Ressort iko mupya, haiyazobelea. Ukiiregler leo, kesho itakudanganya. Piga tu, donc. Siku itatulia, njo tutagusa vis."

Ikawa sheria. Kila Jumamosi walipiga, hawarekebishi, hawalaumu, na mimi nabadilisha karatasi. Risasi ikipotea Papa anacheka, "Bado iko mugeni, uiache!" Wiki kwa wiki moshi ukapungua, sauti ikawa fupi na nzito, na matundu yakaanza kukusanyika upande wa kushoto. Siku moja Ilunga alipiga, akageuka, akasema, "Papa, angalia." Papa! Lilimtoka tu. Baba yangu akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia mikono, nacho kilikuwa begani mwake.

Lakini huko juu mambo yalikuwa mengine. Shule ilipiga simu: Ilunga hakuonekana darasani, Ilunga anazunguka na tramu asubuhi nzima, Ilunga amempiga mwenzake aliyecheka Kifaransa chake. Kila simu ilikuja na adhabu mpya, na Papa alikonda kwa aibu. Jumapili kanisani rafiki yake, Tonton Félix, naye akatia lake: "Mupeleke kwetu, bamunyoroshe. Samaki mkunje angali mbichi." Wenzangu mliokulia Ulaya mnaijua dawa hiyo. Mtoto akiwashinda wazazi, anaambiwa mnakwenda likizo. Tiketi ya mzazi ni ya kwenda na kurudi, ya mtoto ni ya kwenda tu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari yao ya likizo kule Lubumbashi walipiga kidogo. Ilunga akauliza, "Sasa imetulia, Papa? Tuguse vis?"

"Bon, tukirudi," Papa akasema, huku anaifunga bunduki ndani ya blanketi. "Tutaregler tukirudi."

Hakumtazama. Niliona kwamba hakumtazama, nikadhani amechoka.

Papa alirudi peke yake, na samaki wakavu, na unga, na koti la baridi la Ilunga mkononi, maana kule halina kazi. Niliambiwa kaka anasoma huko kwanza. Nililia mpaka nikashikwa na homa. Papa hakushuka cave tena. Jumamosi akawa anaomba zamu ya mabasi.

Basi majira haya, mtu mzima na funguo zangu mfukoni, nikakuta kopo la risasi ndani ya lile blanketi. Nikachora duara nyekundu kwenye karatasi, nikaibandika kwenye boksi la vitabu, nikapiga. Haikutoa moshi. Nikapiga tena, na tena. Zote zilipita tundu moja, vidole viwili kushoto kwa shabaha. Ilikuwa imetulia zamani. Ilibaki kuzungusha skrubu kidogo.

Nililia pale kwa hasira. Utotoni niliamini Ilunga aliondoka kwa kuwa alikuwa mtoto mbaya. Kumbe alikuwa mgeni tu, na baba yangu, aliyekuwa na subira yote kwa kipande cha chuma, kwa mwanawe ilimwishia njiani. Simhukumu, woga wa mzazi ugenini ni kitu kikali. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ilunga sasa ana watoto wake Kolwezi, na Papa akiongea naye kwa simu anamwuliza habari za mvua.

Niliipeleka ile karatasi Woluwe, kwenye fleti yao mpya. Papa akavaa miwani, akaweka kidole gumba juu ya tundu.

"Ilikuwa inatulia," akasema. "Ilikuwa inatulia, Clarisse, na miye nilikuwa naona."

Halafu akavuta simu, akaniuliza kule kwa Ilunga ni saa ngapi, yeye ambaye anajua vizuri kwamba majira ya joto saa yao na yetu ni ile ile.