Kura ya Kaka Yangu

Tangu baba afariki, mimi na kaka yangu tulilima kakao pamoja huku Makwale. Tulivuna pamoja, tukaanika kwenye turubai moja. Kampeni zilipoanza, yeye akawa upinzani, mimi nikabaki chama tawala. Mwanzoni tulitaniana tu. Halafu siku moja gulioni, akiwalalamikia viongozi mbele ya watu, nilimkatiza.

"Huyu msimsikilize. Kazi yake kulia tu."

Watu walicheka. Kaka aliondoka. Kesho yake nilikuta amelikata turubai katikati kwa kisu. Nusu yangu alikuwa ameikunja vizuri, ameiacha mlangoni.

Mwaka mzima hatukusalimiana, hata kanisani. Aliyechoka ni mama. Siku moja ya mvua alituita sote wawili kibarazani kwake.

"Sijawaita mkubaliane," alisema. "Kila mmoja aseme kwa nini anawachagua hao anaowachagua. Mwenzake afunge mdomo mpaka amalize."

Nilianza mimi. Nilisema habari za bomba la maji, jinsi mama alivyoacha kwenda mtoni na mgongo wake ule mbovu. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo ni kweli," alisema. "Mama amepumzika."

Zamu yake ilipofika, aliigeukia mvua.

"Mwanangu alinifia mgongoni nikimkimbiza hospitali," alisema. "Mvua kama hii, maji yamefunika njia, gari haliwezi kupita. Daraja waliahidi kabla hajazaliwa. Kila nikisimama kusema, namsemea yeye. Hicho ndicho kilio ulichowachekesha nacho watu."

Kaburi la yule mtoto nilichimba mimi, kwa mikono yangu. Sikuwahi kulihusisha na kura ya baba yake. Sikuwahi hata kumuuliza.

"Nisamehe, kaka."

"Ndaga," alinishukuru kwa lugha ya nyumbani. "Umenisikia. Ila usiniambie turudi kulima pamoja. Bado siwezi."

Mama aliinamisha kichwa, hakumshurutisha.

Uchaguzi mwingine umeshapita, na kila mmoja alipiga kura yake ileile. Tukikutana njiani tunasalimiana, tunazungumza hata siasa, na hakuna anayemkatiza mwenzake. Lakini nikimkaribisha nyumbani ale chakula, husema ana haraka. Mke wangu ameacha kumwekea sahani.